«Unasema nini?» Juu ya sentensi moja inayobeba memwari nzima

Kila mwaka, muda wa kutoa suje ukikaribia, wadogo wananiuliza swali lile lile: «Yaya, memwari inaanzia wapi?» Wengine wanafikiri inaanzia kwa ukurasa wa shukrani. Wengine kwa plani. Wengine, tuseme ukweli, inaanzia sekretariati, kwa kutafuta kazi ya mtu wa miaka kumi iliyopita na kubadilisha jina la kata.

Mimi sina jibu la kitaalamu sana. Nina hadithi ya siku nilipoaibika mbele ya mama yangu, na somo nililolitoa humo.

Siku ile nilikuwa nimevaa koti la kuazima. Mama alikuwa ameketi mstari wa nyuma kabisa wa oditwari pamoja na mashangazi wawili, kila mmoja na kikwembe kipya. Mama anauza sambaza sokoni Kadutu, na kila faranga iliyochapisha zile kurasa ilitoka katika beseni lake. Kichwa cha kazi yangu kilikuwa hiki: «Problematiki ya upatikanaji wa maji ya kunywa katika komini ya Kadutu». Kirefu, kizito, kinafanana na vichwa vyote vilivyojaa katika maktaba zetu. Nilisoma muhtasari wangu bila kukosea. Kisha mmoja wa juri akavua miwani.

«Kijana wangu, nimesoma kazi yako yote. Mu hii kazi, unasema nini?»

«Profesa, niko naongea juu ya maji mu Kadutu.»

«Sikuuliza unaongea juu ya nini. Hiyo iko juu ya kava. Nauliza unasema nini.»

Nikasema sababu za ukosefu wa maji ni nyingi. Akauliza ipi kati ya hizo ndiyo yenye uzito. Nikasema zote. Akarudisha miwani yake, akaandika kitu, na mimi nikajua tumemaliza. Nilipita, lakini kwa alama ya huruma, na kwa amri ya kuandika upya utangulizi wote kabla ya kuweka kazi maktabani.

Jioni, watu walipomaliza kula, mama alivua viatu akaniuliza polepole: «Papa, yule muzee alikuuliza nini yenye ulishindwa?» Nikamweleza. Akacheka kidogo, si kwa dharau. «Ungelimwambia tu: maji si eti hakuna. Maji iko. Lakini inafika usiku. Mwenye iko na watoto wa kuamusha, ao makuta ya kulipa mutu, njo anachota. Mwenye iko peke yake, anabakia na bidoni tupu.»

Nilikaa kimya. Mama, ambaye hakumaliza shule ya msingi, alikuwa amesema katika dakika moja kile ambacho mimi sikukisema katika kurasa zaidi ya sabini. Alikuwa na hoja kuu. Mimi nilikuwa na kichwa cha habari tu.

Basi tuanzie hapo.

Suje si hoja

Kuongea juu ya kitu ni jambo moja. Kusema kitu ni jambo lingine. «Maji katika Kadutu» ni suje. «Mmomonyoko wa udongo Bukavu» ni suje. «Biashara ndogo ya mpaka wa Ruzizi» ni suje. Hakuna mtu anayeweza kukubali au kukataa suje. Ukimwambia mtu «maji katika Kadutu», atakungoja umalizie.

Hoja kuu ni sentensi kamili ambayo kazi yako yote inaitetea. Ina mtendaji, ina tendo, na mara nyingi ina «kwa sababu». Mtu mwenye akili akiisikia anaweza kukuambia: «Hapana, mimi sioni hivyo, nionyeshe.» Hapo ndipo memwari yako inapata kazi ya kufanya, yaani kumwonyesha.

Tazama sentensi ya mama. Kwanza, inakataa jambo ambalo wengi wanaamini, kwamba maji hakuna. Pili, inasema kinachotokea: maji yapo, ila saa yake ni mbaya. Tatu, inataja nani anapata na nani anakosa, na kwa nini. Nne, na hili ndilo wengi wetu hatulioni, inakuonyesha pa kwenda kutafiti. Usiende kuuliza watu «je, maji ni muhimu?» Nenda kwenye robine saa tisa za usiku. Hesabu nani amekuja. Uliza nani amebaki nyumbani.

Huko ndiko kuna faida kubwa ya hoja kuu. Wanafunzi wengi wanafikiri ni pambo la utangulizi ili kumfurahisha direktere. Kumbe ni sentensi inayokuambia usome nini, uulize nani, na uache nini. Asiye nayo anabeba kila kitu: historia ya mji, mipaka ya komini, aina za maji duniani, na kurasa ishirini za maana ya maneno. Anabeba vyote kwa sababu hajui kipi si chake.

Ugonjwa wa «zingekuwa»

Sisi wa mfumo wetu wa shule tuna ugonjwa wetu maalum. Tunafundishwa kwamba baada ya problematiki yanakuja maswali, na baada ya maswali inakuja ipoteze. Sawa kabisa, huo ni utaratibu mzuri. Tena tunafundishwa kuandika ipoteze kwa ile hali ya Kifaransa ya «ingekuwa», kwa unyenyekevu, maana bado hatujathibitisha. Sawa pia.

Shida ni kwamba tumeufanya unyenyekevu kuwa maficho. Fungua memwari yoyote iliyo karibu nawe, utakuta kitu kama hiki: «Sababu za tatizo hili zingekuwa nyingi, zikiwemo za kiuchumi, za kijamii na za kisiasa. Matokeo yake yangekuwa mabaya kwa wakaaji. Suluhisho lingekuwa serikali kuchukua hatua.»

Weka neno «maji» humo, inafaa. Weka «barabara», inafaa. Weka «talaka», inafaa pia. Sentensi inayofaa kila kitu haisemi kitu. Na haiwezi kushindwa kamwe: nani atathibitisha kwamba sababu si nyingi? Ipoteze ambayo haiwezi kushindwa haina haja ya utafiti. Ungeweza kuiandika ukiwa umelala.

Unaweza kubaki na «ingekuwa» yako, maana huko shuleni wataitaka. Lakini ndani yake weka kitu ambacho kinaweza kuwa uongo. Kwa mfano: «Katika kata hii, tofauti kati ya nyumba zinazopata maji na zinazokosa ingetokana zaidi na saa maji yanapofika kuliko na umbali wa robine.» Hii inaweza kuwa uongo. Labda utakuta umbali ndio wenye nguvu. Vizuri! Sasa una sababu ya kutoka nyumbani.

Kutoka suje hadi hoja: hatua nne

Hatua ya kwanza: punguza. Usiandike juu ya mji mzima. Tunaye mfano hapa kwetu. Daktari Denis Mukwege wa hospitali ya Panzi, alipotetea tasnifu yake ya udaktari Bruxelles mwaka 2015, alikuwa amewapasua wagonjwa kwa miaka mingi sana. Angeweza kuandika juu ya «mateso ya wanawake mashariki ya Kongo», na hakuna ambaye angemkatalia. Lakini kazi yake ilishika jambo moja: fistula zinazotokana na majeraha, chanzo chake, namna ya kuzipanga kwa makundi, na matibabu yake. Kama mtu mwenye uzoefu ule alipunguza, wewe mwenye miezi minne na nauli ya moto, usione haya kupunguza.

Hatua ya pili: uliza swali lenye majibu mawili yanayogombana. «Ni zipi sababu za ukosefu wa maji?» ni swali la orodha, na jibu lake litakuwa orodha. «Je, watu wanakosa maji kwa sababu robine iko mbali, au kwa sababu ya saa maji yanapofika?» Hilo ni swali la kuchagua. Litakulazimisha kusimama upande mmoja.

Hatua ya tatu: jibu kwa sentensi moja, ukiweka «kwa sababu». Andika kwa mkono, kwenye karatasi, kwa lugha unayoiwaza. Wengi wetu tunawaza kwa Kiswahili, kwa Mashi, kwa Kirega, kwa Kifuliiru, halafu tunakimbilia Kifaransa kizuri kabla wazo halijaiva. Kifaransa kizuri kinaweza kuficha wazo bovu hata kwako mwenyewe. Sema kwanza kwa lugha ya nyumbani. Kama haisemeki huko, basi bado hujui unachosema.

Hatua ya nne: ipitishe kwenye maswali haya manne.
– Je, mtu mwenye akili anaweza kuikataa? Kama hapana, ni jambo linalojulikana tu. «Maji ni uhai» hakuna anayekataa.
– Nikikosea, nitajuaje? Taja ushahidi ambao ungekuangusha.
– Je, ushahidi huo naufikia kwa miguu yangu, kwa makuta yangu, na kwa usalama wangu? Hoja nzuri inayokutaka uende mahali usipoweza kufika si hoja yako mwaka huu.
– Kila sura inafanya kazi gani kwa hoja hii? Sura ambayo ukiitoa hakuna kinachoanguka, itoe.

Mifano ya fani nyingine

Najua si wote wanaoandika juu ya maji.

Uko wa sheria? Usiandike «Matatizo ya ardhi katika Bushi». Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 iliifanya ardhi yote kuwa mali ya Serikali. Lakini kwa ardhi zinazokaliwa na jamii za mila, kifungu cha 389 kiliachia haki za watu zipangwe na agizo la Rais litakalokuja baadaye. Miaka ilipita, makumi ya miaka, bila agizo lile. Huko vijijini, Kabare na Walungu, watu waliendelea na kalinzi, ule mkataba wa mila ambapo mtu anapata shamba kwa kumpa mwami au mkubwa wa eneo ng'ombe. Sasa hoja inaweza kuwa: «Kalinzi imebaki na nguvu si kwa sababu wakulima hawajui sheria, bali kwa sababu sheria yenyewe iliwaachia nafasi tupu.» Mtu anaweza kukukatalia. Anaweza kusema ni bei ya hati, au ni umbali wa ofisi. Ndiyo mjadala, na ndiyo memwari.

Uko wa kilimo? Mnyauko wa migomba unaosababishwa na bakteria umeharibu mashamba mengi Kivu. Unaenezwa na panga lisilosafishwa na wadudu wanaotembelea ua dume. Wakulima wameshauriwa kukata ua lile kwa kijiti chenye panda, kusafisha vyombo kwa moto au dawa, na kukata shina lililougua. «Athari ya mnyauko kwa maisha ya wakulima» ni suje iliyochoka. Jaribu: «Wakulima wa kijiji hiki wanakubali kukata shina moja lakini wanakataa kung'oa kitala kizima, kwa sababu kitala ndicho akiba yao ya kila wiki.» Sijui kama ni kweli kijijini kwako. Nenda ukaone.

Uko wa historia? Kumbuka Walter Rodney, Mguyana aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kitabu chake cha mwaka 1972 kinabeba hoja yake juu ya kava: kichwa chenyewe kinasema kwamba Ulaya ndiyo iliyoirudisha Afrika nyuma. Kuna mtendaji, kuna tendo, kuna aliyetendewa. Hakukiita «Problematiki ya maendeleo katika Afrika». Watu wamebishana naye kwa zaidi ya miaka 50, na kubishana naye ni kumheshimu. Kazi isiyobishwa ni kwamba haijasomwa.

Na uwanja ukikataa?

Hapa wengi wanaogopa. «Yaya, kama niliandika hoja, halafu kule kwa watu nikakuta tofauti?» Jibu langu: ubadilishe sentensi, usibadilishe ushahidi.

Nilipoandika upya utangulizi wangu, nilichukua sentensi ya mama nikaenda nayo kwenye robine. Usiku wa kwanza niliona yuko sahihi: vijana wengi, mabidoni mengi, na nyumba za watu wengi zikijaza mapipa. Lakini kulikuwa na mama mzee mmoja anayeishi peke yake, na nyumba yake haikukosa maji hata siku moja. Kwa hoja ya mama, huyo alipaswa kubaki na bidoni tupu. Nilitaka kumwacha nje ya daftari, maana aliniharibia. Halafu nikamwuliza. Akanionyesha watoto wa jirani. Yeye anawalinda mchana wazazi wakiwa sokoni, wao wanamchotea usiku.

Basi sentensi ikabadilika. Kilichopima nani anapata maji hakikuwa idadi ya watu ndani ya nyumba. Kilikuwa mikono ambayo mtu anaweza kuiita saa tisa za usiku, iwe ya watoto wake, ya kulipwa, au ya majirani. Nilipomwambia mama, alifikiri kidogo, akasema: «Eeh. Hiyo njo kweli. Mimi niliisahau.» Kati ya yote niliyopata shuleni, hilo ndilo ninalojivunia zaidi: niliweza kumwongezea mama kitu katika jambo analolijua kuliko mimi.

Ipoteze ni hoja kabla ya kwenda. Hoja kuu ni ile iliyorudi nawe baada ya kuona. Ndiyo maana utangulizi tunauandika mwanzo lakini tunaumaliza mwisho. Weka hoja yako mwishoni mwa utangulizi, kabla tu ya kutangaza sura zako, kwa maneno ya wazi. Irudie katika hitimisho, lakini si kwa kunakili: irudie ukiwa umeongeza kile ulichojifunza njiani, pamoja na mahali ambapo haifiki.

Kwa nini nalisumbukia hili

Utaniambia: «Yaya, memwari ni karatasi tu, tupate diploma tutafute kazi.» Naelewa. Najua hali ya mji huu, najua bei ya kuchapisha, najua wangapi kati yetu wana diploma katika sanduku na wanauza vocha.

Lakini fikiri hivi. Mji wetu unaandikwa sana. Wageni wanakuja na maswali yao, wanakaa majuma, wanarudi na sentensi zao juu yetu. Na sisi, tunaoishi Ibanda, Kadutu na Bagira, tunaojua maji yanafika saa ngapi, tunaweka maktabani kurasa zinazosema «sababu zingekuwa nyingi». Kurasa kama hizo mtu anaweza kuzinunua, kuzinakili, au siku hizi kuiomba simu imwandikie. Sentensi iliyotoka kwenye robine yako, usiku wako, haipatikani kwa njia hizo.

Kwa hiyo leo, kabla ya kulala, chukua kipande cha karatasi. Andika: «Mimi nasema kwamba…» Malizia. Kisha msomee mtu ambaye hakusoma fani yako: mama, dereva wa moto, muuza makala. Akikujibu «ni vizuri, Mungu akusaidie», bado una suje, rudi ukafanye kazi. Akiweka chini alichoshika na kukuambia «hapana, si hivyo, ngoja nikueleze», vuta kiti uketi. Memwari yako imeanza.